Damu kwenye Mswaki: Bakteria Wanavyoshirikiana Kuharibu Fizi na Mfupa

Wakazi wengi wanapoona damu kwenye mswaki huacha kusugua sehemu inayotoka damu, wakidhani mswaki ndio uliowaumiza. Mara nyingi ni kinyume: fizi inatoka damu kwa sababu haisafishwi vya kutosha, na kuiacha huzidisha ugonjwa.

Kinywani mnaishi mamia ya aina za bakteria, na wengi hawana madhara. Muda mfupi baada ya meno kusafishwa, bakteria wa jamii ya streptokoka hujishikiza kwenye jino na kuanza kujenga utando uitwao ukoga. Utando ukizidi kuwa mnene, hewa ya oksijeni hupungua ndani yake. Hapo huja fusobakteria, ambao hushikana na waliotangulia na pia na watakaofuata, mithili ya daraja. Wanaofuata ndio wasumbufu: hawa hawapendi oksijeni na hujificha kati ya jino na fizi. Mmoja wao ni Porphyromonas gingivalis.

Kwa muda mrefu bakteria huyu alitazamwa kama mharibifu anayefanya kazi peke yake. Mwaka wa 2011, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa panya kiasi kidogo cha bakteria huyo. Panya wenye bakteria wao wa kawaida kinywani walipoteza mfupa unaoshikilia meno. Wale waliolelewa bila bakteria wowote hawakuupoteza. Kumbe gingivalis, hata akiwa mchache, huvuruga kinga ya mwili. Wenzake nao hupata mwanya wa kuongezeka na kujilisha kutokana na fizi iliyovimba.

Wala si bakteria wanaoula mfupa. Kinga ya mwili, ikiwa katika vita visivyokwisha, huamsha seli ambazo kazi yake ya kawaida ni kuvunja mfupa uliochakaa. Seli hizo zikizidi kiasi, mfupa hupungua kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitalini jino likiwa tayari linacheza.

Fizi iliyovimba hupona, lakini mfupa uliokwisha kupotea haurudi wenyewe. Mwaka wa 1965, watafiti nchini Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Wote walivimba fizi katika muda wa siku 10 hadi 21, na walipoanza kusafisha tena, fizi zao zikapona.

Ukoga usiposafishwa hugandamana na kuwa mgumu kama jiwe. Ukifika hapo mswaki hauwezi tena. Lazima utolewe na mhudumu wa meno. Kuna imani kwamba kusafishwa huko hulegeza meno. Ukweli ni kwamba uvimbe na ukoga mgumu vilikuwa vimeziba pengo lililoachwa na mfupa, na vinapoondoka pengo huonekana. Dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa dukani bila ushauri pia si suluhisho, kwa kuwa bakteria waliojikinga ndani ya utando ni vigumu kufikiwa na dawa.

Wavutaji sigara wana hatari ya ziada: sigara hupunguza damu inayotoka kwenye fizi, hivyo dalili ya mapema hufichika. Wenye kisukari huathirika zaidi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Wajawazito pia huvimba fizi kwa urahisi.

Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, bristo zikielekezwa pale jino linapokutana na fizi. Wanaotumia mswaki wa mti wautafune hadi ulainike na wafikie meno ya nyuma, ambayo mara nyingi husahaulika. Damu ikiendelea kwa zaidi ya wiki mbili licha ya kusafisha, mkazi amwone daktari wa meno. Si kila zahanati ina huduma hiyo, hivyo ni vyema kumuuliza kwanza mhudumu wa afya ya jamii kijijini ni kituo gani kilicho karibu chenye kitengo cha meno.