Homoni, Damu na Ovari: Mtihani wa Istilahi

Istilahi ya kisayansi haitoshi kusikika vizuri. Sharti ibebe dhana bila kuipotosha. Mfano mmoja wa jambo hili ni maelezo ya utendaji wa ovari za panya wa maabara na sungura.

Kwa panya wa maabara, mzunguko wa uzazi huchukua siku 4 hadi 5. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni mbili zinazosafirishwa na damu hadi kwenye ovari. Ya kwanza hukuza vifuko vya mayai, na vifuko hivyo hutoa estrojeni. Estrojeni ikifikia kiwango cha juu, ubongo huichochea pituitari kumwaga homoni ya pili kwa wingi, na baada ya saa kadhaa mayai huachiliwa. Kwa sungura, umwagaji huo husababishwa na tendo la kupandwa. Mayai hutoka takriban saa 10 hadi 12 baadaye.

Hata hivyo, damu si mchukuzi tu. Homoni hiyo ya pili huongeza damu inayopita katika ovari. Kifuko kikishapasuka, mabaki yake hugeuka kuwa tezi ya muda yenye kutoa projesteroni, na mishipa mipya huchipuka ndani yake kwa kasi. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba protini inayochochea uchipukaji huo ikizuiwa katika panya, tezi hiyo haikui ipasavyo. Kwa hiyo homoni huongoza damu, na damu nayo huiwezesha ovari kutoa homoni.

Hapa ndipo lugha inapotahiniwa. Neno 'mzunguko' hutumika kwa damu na kwa uzazi pia. Kwa hiyo, damu ipitayo katika kiungo kimoja yafaa iitwe 'mtiririko'. 'Mzunguko wa hedhi' ni kosa, kwani panya wa maabara hapati hedhi. Neno 'joto' la wafugaji hukaribia zaidi ukweli wa hali yake. Starling alipoanza kutumia neno asili la 'homoni' mwaka 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. 'Kichocheo' kingekuwa tafsiri sahihi, lakini kemia imekwisha kulitwaa neno hilo kwa dhana nyingine. Ndiyo maana mkopo 'homoni' unastahili kubaki.

Ufasaha wa istilahi, basi, si pambo. Mwanafunzi anayepewa neno lenye utata atakariri sentensi, lakini hataielewa ovari.