Diski za Breki Zenye Matundu: Zina Faida?

Mafundi wengine wanatuambia tununue diski za breki zilizotobolewa matundu. Eti zinapoa upesi. Je, gari letu la kijiji, linalobeba mahindi na wagonjwa, linazihitaji?

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana huku na huku. Mwendo wa gari unageuka kuwa joto. Chuma kinameza joto hilo, kisha upepo unakipoza.

Basi ukitoboa matundu, umepunguza chuma cha kumeza joto. Zamani yalikuwa na maana. Pedi za wakati ule zikipata moto zilitoa gesi, breki zikawa hazishiki. Pedi za leo hazitoi gesi nyingi hivyo. Wakati wa mvua matundu husaidia kidogo kuondoa maji, hilo hatukatai. Lakini barabara zetu ni tope! Tope na mchanga huyaziba. Baya zaidi, diski ikipata moto na kupoa mara kwa mara, ufa huanzia kwenye tundu.

Hela hiyo tununue diski za kawaida, pedi nzuri na mafuta mapya ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakizeeka huchemka mapema, na pedeli inazama mpaka chini, gari halisimami. Kwenye mteremko mrefu tuingize gia namba mbili tangu juu, tusingoje breki zinuke. Na dereva akiona pedeli imekuwa laini, asimamishe gari mapema, abiria washuke.