Ua la Muhogo Lina Kazi Gani?

Mkulima wa Mkuranga au Kilifi akisema anatafuta mbegu ya muhogo, hatafuti punje. Anatafuta shina lililokomaa, alikate pingili zenye urefu wa shibiri moja hivi, kila moja ikiwa na macho yake. Pingili hufukiwa, jicho huchipua, na msimu ukifika kinachong'olewa si mtoto wa muhogo wa mwaka jana. Ni muhogo uleule, unaendelea kuishi kwa mwili mwingine, bila jeni zake kuchanganyika na za mmea wowote. Ndiyo maana aina ya muhogo iitwayo Kiroba hubaki Kiroba kutoka shamba hadi shamba: ladha yake na muda wake wa kukomaa hujulikana kabla jembe halijagusa udongo. Uzazi wa namna hii, usiohitaji dume wala jike, ni wa haraka na mwaminifu, na kwa anayelisha familia uaminifu huo si jambo dogo.

Hata hivyo muhogo huohuo huchanua. Tazama pale shina linapogawanyika matawi, utaona kishada cha maua yasiyovutia sana. Ya kike, machache, hukaa upande wa chini na hufunguka kwanza. Ya kiume, mengi na madogo, hufunguka juu yake wiki moja au mbili baadaye, wakati ya kike yamekwisha kupita. Kwa mpangilio huo kishada hakiwezi kujichavusha, na nafasi ya kupata chavua ya mmea mwingine huongezeka. Tunda lina vyumba vitatu, kila kimoja na mbegu yake, na likikauka hupasuka ghafla na kuzirusha mbali. Mmea unaoota kutokana na mbegu hiyo haujulikani utakuwaje. Mara nyingi huwa hafifu kuliko wazazi wake, pengine mchungu, pengine wenye mizizi myembamba. Ukipiga hesabu ya msimu mmoja, ua la muhogo ni hasara tupu. Lakini hesabu hiyo imemsahau adui.

Pingili hurithisha kila kitu, maradhi pamoja. Mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha muhogo ndani kwa ndani huku majani yakionekana karibu mazima. Ugonjwa huo wa virusi, kama ulivyo ule mwingine wa muhogo, batobato, hubebwa na nzi weupe, lakini hubebwa pia na mkono wa jirani anayegawa mbegu kwa wema. Kisha kuna hatari kubwa zaidi: shamba la mimea iliyo mmoja kwa asili lina kufuli moja tu, na virusi akipata ufunguo wake amefungua milango yote. Uganda ililiona hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, batobato kali ilipoenea na kuangamiza mashamba, yakiwemo ya aina ya Ebwanateraka iliyopendwa sana mashariki ya nchi. Virusi hao walipochunguzwa, ilibainika kwamba wamo waliotokana na aina mbili za virusi zilizounganisha vipande vya jeni zao. Adui alikuwa amechanganya damu; muhogo ulikuwa umekatazwa kuchanganya yake.

Tiba ilitoka kwenye maua. Kuanzia miaka ya 1930, watafiti wa Amani walichukua chavua na kuzalisha muhogo na ndugu yake wa mbali, mti wa mpira wa Ceará. Machotara wa kwanza walihimili ugonjwa lakini mizizi yao ilikuwa duni, basi wakazalishwa tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi. Katika miaka ya 1950 mbegu za ukoo huo, mbegu hasa za punje, zilipelekwa Nigeria, zikawa msingi wa aina zilizozalishwa baadaye Ibadan. Baadhi ya aina hizo zilirudi Afrika Mashariki na kusaidia mashamba ya Uganda kusimama tena.

Kuna atakayesema kwamba hata mmea wa pingili hubadilika, kwa kuwa jeni hukosea zinapojinakili. Ni kweli, ila badiliko jema likizuka katika ukoo mmoja na jingine katika ukoo wa pili, bila chavua hayatakutana kamwe. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 lilipima jambo linalokaribiana na hili kwa minyoo wadogo wa maabara. Waliolazimishwa kujirutubisha wenyewe, mbele ya bakteria waliokuwa wakibadilika pamoja nao, walitoweka ndani ya vizazi 20; waliopandana na wenzao walidumu.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima mwenyewe: hawezi kulisha watoto kwa miche ya kubahatisha. Ana haki, wala hahitaji kuchagua upande mmoja. Wamakushi wa Guyana, katika bara ulikotoka muhogo, hupanda pingili kama sisi, ila wakati wa palizi huacha baadhi ya maotea yaliyochipua kwa mbegu. Katika Guyana ya Ufaransa, penye desturi kama hiyo, watafiti walipima jeni wakakuta miche mikubwa inayobakizwa ndiyo iliyochanganyika zaidi, na midogo inayong'olewa ndiyo iliyozaliwa na mimea ya ukoo wa karibu. Wakati wa kuvuna, lile otea lililopendeza hukatwa pingili na kupandwa pamoja na mengine.