Uwiano wa Kumbukumbu na Basi Tunapoongeza Kasi ya Kompyuta

Katika chumba chetu cha kompyuta ipo mashine moja kuukuu tuliyopewa na mfadhili. Ndani yake mna prosesa ya Intel Core 2 Duo E6600, toleo la mwaka 2006. Muhula uliopita tuliamua kuiongezea kasi kupita ile iliyopangiwa kiwandani. Iliwaka vizuri, nasi kwa siku mbili tukajipongeza. Siku ya tatu mwenzetu alifungua faili la tasnifu yake, akakuta kurasa zimejaa herufi zisizosomeka. Nakala aliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya wiki moja nyuma.

Tulilaumu prosesa, lakini haikuwa na hatia. Tulikuwa tumesahau uwiano kati ya basi na kumbukumbu. Tunaueleza hapa ili wengine wasijifunze kwa hasara kama sisi.

Basi ni nini? Ni njia inayopitisha data kati ya prosesa na kumbukumbu, yaani RAM. Njia hiyo huenda kwa mpigo, kama kwaya inavyofuata ngoma. Katika prosesa yetu mpigo wa basi ni megahezi 266, yaani mipigo milioni 266 kwa sekunde. Kwa kuwa basi hilo hupitisha data mara nne kwa kila mpigo, kwenye boksi huandikwa 1066.

Prosesa hupata kasi yake kwa kuzidisha mpigo huo. Kizidisho cha E6600 ni 9, na 266 mara 9 ni gigahezi 2.4. Kizidisho hicho kimefungwa, hakiruhusu kupandishwa zaidi ya 9. Kwa hiyo anayetaka kasi zaidi hana budi kupandisha mpigo wa basi lenyewe. Akiufikisha 333, prosesa inafika gigahezi 3.0, ongezeko la robo nzima.

Hapo ndipo kumbukumbu inapoingia. Nayo huchukua mpigo wake kutoka kwenye basi, kwa uwiano uliowekwa katika BIOS. Kumbukumbu yetu ni ya aina ya DDR2-667. Kwa kuwa DDR2 hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo, mpigo wake halisi ni nusu ya namba hiyo, yaani megahezi 333. Basi likiwa 266 na kumbukumbu 333, uwiano ni 4:5: basi likipiga mara nne, kumbukumbu hupiga mara tano.

Sisi tulipandisha basi hadi 333 na uwiano tukauacha ulivyokuwa. Tufanye hesabu: 333 mara 5, gawanya kwa 4, ni 416. Kumbukumbu iliyotengenezwa kwa megahezi 333 ililazimishwa kwenda 416, robo zaidi ya uwezo wake. Prosesa ilikuwa salama, kumbukumbu ndiyo iliyoelemewa.

Kumbukumbu iliyoelemewa si lazima izime mashine. Mara nyingi hukosea kidogo tu: penye sifuri hutoa moja, na penye moja hutoa sifuri. Kompyuta za kawaida hazina njia ya kuligundua kosa hilo, kwa hiyo huliandika kwenye diski kana kwamba ndio ukweli. Ndivyo tasnifu ilivyoharibika bila onyo lolote.

Dawa ilikuwa kubadili uwiano uwe 1:1. Basi likiwa 333, kumbukumbu nayo inakuwa 333, kiwango chake kilekile cha kiwandani, na prosesa inabaki kwenye gigahezi 3.0.

Je, tunapoteza kitu kwa kushusha uwiano? Hesabu inaonyesha hapana. Basi la 1333 hupitisha baiti 8 kila mara, takriban gigabaiti 10.6 kwa sekunde. Vipande viwili vya DDR2-667 vikifanya kazi sambamba navyo hutoa takriban gigabaiti 10.6. Kumbukumbu ya kasi zaidi ingekuwa kama kumimina maji ya ndoo kwenye mpira mwembamba: yanayopita ni yale yanayoenea kwenye mpira.

Kwa anayetaka kujaribu, tunashauri afuate utaratibu huu:

1. Weka nakala za mafaili yote nje ya mashine hiyo.
2. Shusha kwanza uwiano wa kumbukumbu, ndipo upandishe basi.
3. Katika BIOS, funga PCI kwenye megahezi 33 na PCI Express kwenye 100, zisipande pamoja na basi. Zikipanda, hata diski inaweza kuandika makosa.
4. Pandisha basi kidogo kidogo, kama megahezi 10 kila mara, ukiangalia joto la prosesa.
5. Endesha programu ya Memtest86+ usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukurudisha nyuma.

Kompyuta za baadaye zimebadilika. Kuanzia Core i7 ya mwaka 2008, Intel iliingiza kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa, na basi la namna hii likaondoka. Lakini uwiano haukuondoka. Katika prosesa za AMD Ryzen zinazotumia DDR4, kumbukumbu ya DDR4-3600 ina mpigo wa megahezi 1800, na njia ya ndani ya prosesa nayo huwekwa 1800 ili ziende 1:1. Anayeelewa hesabu ya mashine yetu kuukuu hatapotea kwenye hizo mpya.

Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba jambo kutokea baada ya jingine hakutoshi kuthibitisha kuwa limesababishwa nalo. Tuligusa prosesa, mashine ikaharibu faili, tukahukumu haraka. Mwenzetu ameandika upya kazi ya wiki nzima, na sasa huweka nakala kila jioni. Mashine nayo inaendelea vizuri kwenye gigahezi 3.0, kwa uwiano wa 1:1. Ila kabla ya kumruhusu mtu yeyote aandikie humo tena, tuliipima usiku tatu mfululizo.