KAPITA ANAYELINDA CHEMBE ZA MWILI WAKO



Ukijikata kidole kazini, ngozi inaota upya. Siku chache zikipita, kidonda kinafunga na ngozi inaacha kuota. Je, nani ameiambia iache?

Mwili wako umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, macho hayazioni. Kila chembe ina kazi yake: moja ni ya ngozi, nyingine ya damu, nyingine ya mapafu. Ndani yake mna proteini zinazotoa amri. Kuna zinazosema: «Jigawe, muwe wawili.» Kuna zinazosema: «Basi, shika kazi yako.»

Proteini moja ya kusimamisha inaitwa p53. Wataalamu waliitambua mwaka 1979. Hiyo ni kama kapita wa galeri. Maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe yakiharibika, p53 inasimamisha kazi mpaka yatengenezwe. Yasipotengenezeka, inaamuru chembe ife, isizae mbovu nyingine.

Lakini kapita naye anaweza kuumizwa. Mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba sumu moja ya moshi wa tumbako inashambulia maandishi yenyewe yanayotengeneza p53. Kapita akianguka, chembe zinaweza kuzaana bila amri na kusahau kazi ya mapafu. Hiyo ndiyo njia ya kansere. Karibu nusu ya kansere za watu zina p53 iliyoharibika.

Vumbi la mwamba lenye silika nalo linaleta kansere ya mapafu. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1997. Basi mchimbaji anayevuta sigareti amejitwika mizigo miwili.

Ufanye nini?

– Toboa mwamba kwa maji, usitoboe mkavu.
– Vaa maski yako kazi yote, si wakati mkubwa anapopita tu.
– Usikung'ute nguo za kazi nyumbani: watoto wanavuta vumbi lile.
– Acha tumbako. Hata aliyevuta miaka mingi anapata faida: hatari inapungua mwaka kwa mwaka.
– Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, au ukitema damu, usitafute dawa sokoni. Njoo dispansere upesi.

Kapita huyu anakufanyia kazi mchana na usiku, hata ukilala. Usimtilie moshi na vumbi machoni.