Sura ya Saba: Kiti Kisichouzwa

Konda wa daladala akiona kiti kimoja wazi pale Mwenge, ataning'inia mlangoni akiita abiria mpaka kikaliwe. Mtu wa aina hiyo angeduwaa angesimama pembeni mwa njia ya kurukia ndege pale KIA, Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, usiku ndege ya KLM inapotua ikitokea Amsterdam. Kwa miaka mingi shirika hilo la Uholanzi limekuwa likileta ndege kubwa yenye viti zaidi ya 250, ikitua kwanza KIA kisha ikiendelea Dar es Salaam. Watalii wa Mlima Kilimanjaro na Serengeti hushuka, wengine wakiwa wamekwisha kuvaa buti za kupandia mlima. Vibarua hupakua mabegi yao. Abiria wa Dar hubaki vitini. Kisha milango hufungwa, na ndege hupaa na safu nzima za viti zisizo na mtu, blanketi zikiwa zimeachwa ovyo juu yake.

Nje ya uzio, kuanzia Boma Ng'ombe hadi Moshi mjini, wapo watu wenye haja ya kufika Dar usiku huohuo. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima barabarani. Kwa ndege ni kama saa moja. Lakini mama mwenye duka Moshi hata aje na fedha mkononi, hatauziwa tiketi ya KIA kwenda Dar ndani ya ndege ile. Mhudumu wa kaunta hana roho mbaya, wala shirika halijasahau kuweka bei. Kiti kile, kwa safari ile fupi, si mali ya shirika la Uholanzi.

Sheria iliyotoka majini

Jina la biashara hiyo iliyokatazwa ni kabotaji, na asili yake ni baharini. Mabaharia wa Ufaransa walilitumia neno hilo kwa safari ya chombo kinachofuata pwani, bandari hadi bandari. Ukichukua jahazi linalopakia mzigo Lamu na kuushusha Mombasa, hiyo ndiyo kabotaji: kutoa ndani na kufikisha ndani. Serikali nyingi ziliamua zamani kwamba biashara hiyo ni ya vyombo vyenye bendera ya nyumbani. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari zake mwaka 1886, na sheria hiyo ingali inafanya kazi.

Ndege zilipokuja, zilirithi mawazo ya meli. Novemba 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinapiganwa, wajumbe walikutana Chicago kupanga namna anga litakavyogawanywa baada ya amani. Nchi 52 zilitia saini mkataba tarehe 7 Desemba. Ibara yake ya kwanza inasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Ibara ya 7 inagusa moja kwa moja kiti cha KIA: kila nchi ina haki ya kukataa ndege za nchi nyingine zisichukue abiria, barua wala mizigo kwa malipo kutoka sehemu moja ya ardhi yake kwenda sehemu nyingine ya ardhi hiyohiyo.

Ibara hiyo ina sentensi ya pili ambayo imezifunga serikali mikono kuliko ya kwanza. Inakataza nchi kutoa ruhusa hiyo kwa nchi moja tu kwa upendeleo. Ukimfungulia Mholanzi mlango wa KIA–Dar, Mturuki na Mwarabu wa Qatar nao watabisha hodi wakiwa na mkataba mkononi. Ndiyo maana wizara nyingi huona ni salama zaidi kutomfungulia yeyote.

Wataalamu wa mikataba ya anga huhesabu ruhusa hizi kwa namba. Ya kwanza ni kupita juu ya nchi ya watu bila kutua. Ya pili ni kutua kwa mafuta au matengenezo. Ya tatu na ya nne ni kupeleka abiria kutoka nyumbani na kuwarudisha. Ya tano ni kubeba watu kati ya nchi mbili za kigeni, alimradi safari imeanzia au itaishia nyumbani. Kipande cha ndani cha safari ya nje ni cha nane, na karibu hakuna anayekigawa.

Tofauti kati ya namba tano na namba nane inaonekana hapahapa Afrika Mashariki. KLM hiyohiyo, kwenye njia yake ya Amsterdam, Kigali na Entebbe, imewahi kuuza tiketi za kipande cha Kigali–Entebbe. Mnyarwanda aliweza kwenda Uganda ndani ya ndege ya Ulaya, kwa kuwa alikuwa anavuka mpaka. Mchaga wa Moshi anayekwenda Kariakoo havuki mpaka wowote, na hilo ndilo linalomkwamisha.

Ndani ni wapi?

Neno "ndani" nalo limewahi kubadilika bila uwanja hata mmoja kuhama. Mkataba wa Chicago uliandikwa zama za ukoloni, na Ibara yake ya 2 inahesabu kuwa ardhi ya nchi hata maeneo yaliyo chini ya himaya na ulinzi wake. Kwa macho ya sheria hiyo, mwaka 1962 abiria aliyepanda ndege Nairobi kwenda London alikuwa akisafiri ndani ya ardhi ya dola moja, na Uingereza ilikuwa na haki ya kuwazuia wengine wasimbebe. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, njia ileile ikageuka ya kimataifa.

Kati ya Dar es Salaam na Unguja mambo yalikwenda kinyume. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961 huku Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza, safari ile fupi ya kuvuka mkondo wa bahari ilikuwa ya kutoka nchi moja kwenda nyingine. Tarehe 26 Aprili 1964, siku ya Muungano, ikawa safari ya ndani. Tangu hapo ndege ya kigeni inayotua Unguja na Dar katika mzunguko mmoja iko katika hali ileile ya ndege ya KIA: inashusha wageni hapa na pale, lakini haimbebi Mzanzibari kumpeleka Dar.

Kwa nini kiti kiachwe wazi

Hesabu ya serikali ni rahisi kuielewa. Gharama ya ndege inayotoka Ulaya imekwisha kulipwa na nauli za Ulaya, na kwa vyovyote itakwenda Dar. Kila kiti kitakachouzwa KIA ni faida ya juu, hata kikiuzwa kwa nauli ya basi. Air Tanzania, kwa upande wake, lazima ilipe mafuta na marubani kwa safari hiyo peke yake, na inatazamiwa iruke pia Mpanda, Songea na Kigoma, ambako hakuna foleni ya watalii. Shirika la nje likichukua njia zenye abiria wengi, la nyumbani litabaki na njia za hasara.

Abiria naye ana hesabu yake. Ushindani ukizuiwa, nauli hukaa juu, na anayeilipa ni yeye.

Kwa kuwa mlango wa mbele umefungwa, wafanyabiashara wamepita wa pembeni. Kenya Airways haikuweza kuruka kati ya Dar na Mwanza kwa jina lake, lakini mwaka 2003 ilinunua asilimia 49 ya hisa za Precision Air, shirika la Tanzania lenye haki ya kuruka popote nchini. Mwishoni mwa 2012 Fastjet, kampuni yenye mtaji wa Uingereza, ilianza kuuza tiketi za bei nafuu kati ya Dar, Mwanza na Kilimanjaro, nayo ilifanya hivyo kupitia shirika lililosajiliwa Tanzania. Sheria hutazama cheti cha kuendesha ndege kimetolewa na nani.

Bara la Afrika limefungua kwa tahadhari. Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999, na Soko Moja la Usafiri wa Anga lililozinduliwa Addis Ababa Januari 2018, vinahusu safari kati ya nchi na nchi hadi namba tano. Kabotaji iliachwa nje. Waliothubutu ni Umoja wa Ulaya: tangu tarehe 1 Aprili 1997 shirika la nchi moja mwanachama linaweza kubeba abiria ndani ya nyingine, na leo Ryanair ya Ireland inawatoa Waitaliano Roma na kuwashusha Palermo bila mtu kushtuka. Marekani haikusogea. Kwa miaka mingi Qantas ya Australia ilikuwa ikiunganisha safari yake ya Los Angeles hadi New York, ikivuka bara zima, na waliokubaliwa ndani walikuwa abiria wa safari zake za kimataifa peke yao. Mkazi wa Los Angeles hakuuziwa.

Mwenyeji anaporuhusiwa kupanda

Shirika likiwa la nyumbani, Ibara ya 7 haina neno nalo. Hapo kizuizi hushuka kutoka angani kikahamia kwenye korido za uwanja.

Machi 2018 Qantas ilianzisha safari ya Melbourne hadi London kupitia Perth. Kutoka Perth hadi London ni kilomita karibu 14,500 bila kutua, kama saa 17. Kipande cha Melbourne–Perth kiliuzwa pia kwa Waaustralia waliokuwa wanakwenda Perth tu. Kwa kawaida, katika safari za ndani za nchi hiyo, abiria anaweza kufika mpaka kitini bila kuulizwa kitambulisho. Huyu aliyepanda ndege ya London alielekezwa jengo la kimataifa, akatakiwa kuwa na kitambulisho chenye picha, na chupa yake ya maji ikabaki kwenye ukaguzi kwa sababu ya kikomo cha mililita 100. Kwenye pasi yake ya kupandia ndege huwekwa stika yenye herufi D. Herufi hiyo moja humwambia ofisa wa mpaka kwamba mtu huyu haondoki nchini, na humwambia muuzaji wa duka lisilotoza ushuru kwamba asimuuzie manukato.

Ukali huo una sababu, na India iliijua kwa uchungu. Mwaka 2013 serikali ya Delhi ilipandisha ushuru wa dhahabu inayoingizwa nchini hadi asilimia 10. Wasafirishaji wa magendo wakagundua faida ya ndege iliyotoka Ghuba, ikatua mji mmoja wa India na kuendelea mji mwingine. Mtu wa kwanza alipanda Dubai na vipande vya dhahabu, akavificha chini ya kiti au chooni, akashuka mikono mitupu kwenye kituo cha kwanza na kupita forodha akitabasamu. Mwenzake alipanda hapo na tiketi ya safari ya ndani, akakaa kiti kilekile, akaitoa dhahabu na kutoka kwa mlango wa abiria wa ndani, ambako hakuna anayefungua mabegi. Maofisa wa forodha walipoung'amua mchezo huo, kukagua viti vya ndege za aina hiyo kukawa sehemu ya kazi yao.

Turudi kwenye ndege ya KIA. Inapopita juu ya Korogwe, abiria wake waliotoka Amsterdam wako juu ya ardhi ya Tanzania, ila kwa vitabu vya Uhamiaji hakuna hata mmoja wao aliyekwisha kuingia nchini. Pasipoti zao zitagongwa muhuri Dar. Mama wa Moshi angekuwamo, angekuwa mtu wa ndani katikati ya watu ambao bado wako nje, na mtu angehitajika kumtenga kwa stika, kwa kamba au kwa mlango wake. Katika uwanja wa Julius Nyerere, kazi hiyo wameachiwa wajenzi. Jengo la tatu, lililozinduliwa Agosti 2019, ni la safari za nje, na za ndani zimebaki jengo la pili. Usiku huo abiria wa Amsterdam husubiri mabegi yao jengo la tatu. Mama aliyepata nafasi katika ndege ya mwisho ya shirika la nyumbani hutokea la pili, akiwa na ndizi zake kwenye boksi, na bajaji wanaanza kumgombania.