Nyumba ya Wakfu Mtaani: Warithi Wanasema Yao, Waumini Wanasema ya Msikiti



Mwezi Agosti 1858, Mwingereza John Speke alipofika Mwanza na kuliona ziwa, alimkuta huko mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Mansur bin Salim. Kituo cha utawala cha Wajerumani kilikuja mwaka 1892, na reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Kwa hiyo Waislamu si wageni kwenye ufuko huu.

Pamoja na hayo, tusitegemee kwamba ukongwe peke yake utailinda misikiti na madrasa zetu za mitaa ya zamani ya Nyamagana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahifadhi moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mji uliokua kuanzia 1892 hauna chake hapo, isipokuwa Waziri atangaze jengo fulani kwa jina. Kinachoweza kuibakisha madrasa ya uchochoroni pale ilipo ni wakfu, tena wakfu uliothibiti.

Asili ya wakfu inajulikana. Sayyidna Umar (R.A) alipata shamba Khaybar, akamuuliza Mtume (S.A.W) alifanyie nini. Akaelekezwa azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake, lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na ndiyo msingi wa mlango wote huu.

Sasa tuchukue mfano wa mzee mwenye nyumba Mbugani au Mabatini. Alitoa vyumba viwili watoto wasome Qur'ani, na sebule ikawa mahali pa kuswalia. Miaka thelathini ikapita na mzee akafariki. Thamani ya kiwanja imepanda, mnunuzi amejitokeza, warithi wanataka kugawana. Waumini wanasema, "Hii ni nyumba ya Allah." Nani ana haki?

Jibu linategemea mzee alitamka nini. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, wakfu wa mali ya mtu unahitaji tamko. Mtu akijenga kwenye ardhi yake jengo lenye sura ya msikiti na akawaruhusu watu kuswali, halijawa msikiti kwa hilo tu mpaka atamke kuwa ameliweka wakfu. Madhehebu nyingine, ikiwemo Hanafi, zinakubali kitendo chenye kuonyesha nia, kama kujenga msikiti na kuuacha wazi kwa watu wote. Lakini hata huko, kumwazima mwalimu chumba cha kufundishia hakuitoi nyumba kwenye milki ya mwenyewe.

Basi wakipatikana mashahidi waadilifu waliomsikia mzee akisema ameiweka nyumba wakfu, warithi hawana fungu, na fedha watakayochukua kwa kuiuza ni haramu kwao. Wasipopatikana, na warithi wakakana, nyumba ni mirathi. Hapo si halali kuwaita wala mali ya msikiti. Wana haki yao, wakipenda wataitoa wakfu wenyewe na watapata ujira wao. Na kama alisema "nikifa, nyumba hii iwe wakfu," huo ni wasia, na hauvuki theluthi ya mali yake bila ridhaa ya warithi. Vilevile aliyetamka akiwa katika maradhi yaliyomuua.

Hatari kubwa zaidi kwa sasa inakuja kimya kimya, kupitia urasimishaji wa makazi. Zoezi lenyewe ni zuri, kwa sababu nyumba nyingi za milimani hazikuwahi kupimwa. Lakini mipaka inapohakikiwa mbele ya majirani na mwenyekiti wa mtaa, kila kiwanja huandikwa jina la mtu. Kiwanja cha madrasa kikiandikwa jina la imamu, kwa nia njema kabisa, mbele ya sheria ni chake. Akifariki, wanawe wataingia pale kama warithi. Jina linalotakiwa ni la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, au la wadhamini wa taasisi ambayo msikiti uko chini yake.

Wengine huuliza: wakfu ni wa milele na hati ina mwisho, je, wakfu unasihi? Ni kweli kwamba ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati hutolewa kwa muda, mwisho miaka 99. Imam Nawawi amesahihisha kujuzu wakfu wa jengo lililo kwenye ardhi ya kukodi, na hali yetu inafanana na hiyo. Wajibu wa wadhamini ni kulipa kodi ya ardhi na kuomba upya hati kabla haijaisha.

Kuhusu kuvunja msikiti wa zamani ili kujenga ghorofa lenye fremu za maduka chini: mahali pakishakuwa msikiti, juu yake na chini yake ni msikiti kwa Mashafi, hapakodishwi. Fremu zinajuzu pale mtoaji alipozitenga tangu mwanzo, kabla ya kuweka wakfu. Imam Ahmad aliulizwa kuhusu watu waliotaka kuuinua msikiti wao na kuweka maduka chini, baadhi ya wazee wakapinga kwa kuwa hawawezi kupanda, akasema litazamwe neno la walio wengi. Wanaochukua kauli hii wasisahau sehemu hiyo ya pili: waumini waulizwe, isiwe kamati na mkandarasi peke yao.

Kwa msikiti au madrasa isiyo na karatasi, pa kuanzia ni wazee waliobaki wa mtaa. Waliomsikia mtoaji akitamka wapelekwe kwa wakili, kila mmoja aape na kusaini hati yake ya kiapo mwezi huu huu, wangali na afya na kumbukumbu. Nakala moja ikae msikitini na nyingine kwa wadhamini.

Wallahu a'lam.